Apple yaufunga mlango wa Intel: bei ya mabadiliko hulipwa na nani?

Mwezi Septemba 2025 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa toleo jipya la mfumo endeshi wa kompyuta zake, macOS Tahoe, ikiwa imekwisha kutangaza mwezi Juni kwamba hilo ndilo toleo la mwisho litakalofanya kazi katika kompyuta zenye prosesa za Intel. Hivyo inakaribia ukingoni safari iliyoanza tarehe 22 Juni 2020, siku ambayo mkurugenzi mkuu Tim Cook aliwaambia watunzi wa programu kwamba kompyuta za Mac zitaachana na Intel na kutumia prosesa zilizosanifiwa na Apple yenyewe.

Wahandisi wameisifu safari hiyo kuwa miongoni mwa mabadiliko yaliyopangwa vizuri zaidi katika historia ya kompyuta, na sifa hizo ni za haki. Lakini kuna swali lisiloulizwa sana katika kumbi za California: siku kompyuta inapotangazwa kuwa imepitwa na wakati, ni nani aliyeishika mikononi? Mara nyingi si yule aliyeinunua ikiwa mpya. Ni mnunuzi wa pili au wa tatu, na wengi wa wanunuzi wa namna hiyo wanaishi katika miji ya Afrika Mashariki na ya Maziwa Makuu, ambako kompyuta iliyotumika ndiyo njia ya kawaida ya mwanafunzi, mwandishi au mfanyabiashara mdogo kuipata zana hiyo. Ili kulijibu swali hilo, ni lazima kwanza kueleza ni kitu gani hasa kilichobadilishwa, na kwa nini.

Lugha mbili zisizoelewana

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta: hupokea amri za programu na kuzitekeleza. Kila prosesa huelewa amri za ukoo wake tu. Kwa miongo minne kompyuta nyingi za ofisini na za nyumbani zimetumia ukoo uitwao x86, ambao chimbuko lake ni prosesa ya Intel 8086 ya mwaka 1978. Simu za mkononi, kwa upande wake, karibu zote hutumia ukoo wa Arm, uliobuniwa Cambridge, Uingereza, katika kampuni ya Acorn. Huko Sophie Wilson na Steve Furber ndio waliosanifu prosesa ya kwanza ya ukoo huo, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1985.

Tofauti ya koo hizo mbili ni kama tofauti ya lugha. Taarifa ya habari isomwayo kwa Kiswahili inaweza kuwa sahihi neno kwa neno, lakini kwa mtu ajuaye Kinyarwanda au Kifaransa pekee ni sauti tupu. Vivyo hivyo, programu iliyotayarishwa kwa ajili ya x86 haina maana yoyote mbele ya prosesa ya Arm. Ama itayarishwe upya, ama ipatiwe mkalimani. Ndiyo maana kubadilisha prosesa hakufanani na kubadilisha betri au kioo. Ni kuihamishia jumuiya nzima ya programu katika lugha nyingine, tena bila kazi za watu kusimama.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba Apple haikuwa mgeni katika nyumba ya Arm. Kampuni ya Arm ilipoundwa mwaka 1990, waanzilishi wake walikuwa watatu: Acorn, Apple na VLSI Technology. Kwa miongo mingi Arm haikutengeneza prosesa. Huuza leseni za usanifu wake, na mwenye leseni huenda akajijengea nyumba yake juu ya msingi huo. Apple ilikuja kuuza hisa zake, lakini ilibaki na leseni, na leseni hiyo ndiyo iliyozaa yote yaliyofuata.

Ndoa iliyovunjika

Mwaka 2005 Apple ndiyo iliyoikimbilia Intel. Kabla ya hapo kompyuta za Mac zilitumia prosesa za PowerPC, zilizotokana na ushirikiano wa Apple, IBM na Motorola ulioundwa mwaka 1991. Steve Jobs alikuwa ameahidi mwaka 2003 kwamba katika muda wa mwaka mmoja prosesa ya G5 ingefikia kasi ya gigahatzi 3. Haikufikia. Baya zaidi, G5 ilikuwa na joto na ulafi wa umeme kiasi kwamba haikuwezekana kamwe kuiweka ndani ya kompyuta mpakato. Tarehe 6 Juni 2005 Jobs akatangaza kuhamia Intel, na sababu aliyoitoa ilikuwa kiasi cha kazi kinachopatikana kwa kila wati ya umeme.

Miaka 15 baadaye sababu ileile iligeuzwa dhidi ya Intel. Katika muongo wa 2010 kampuni hiyo ilikwama katika njia zake za kutengeneza chipu. Kizazi cha nanomita 10 kilichelewa kwa miaka kadhaa, na mnamo Julai 2020, mwezi mmoja tu baada ya tangazo la Tim Cook, Intel ilikiri kwamba kizazi cha nanomita 7 nacho kingechelewa. Watengenezaji wa kompyuta walilazimika kusubiri. Kompyuta mpakato nyembamba zikawa zinapata moto, feni zikivuma, na betri zikiisha kabla ya siku ya kazi kwisha.

Wakati huohuo Apple ilikuwa ikijifunza ufundi huo katika simu. Mwaka 2008 iliinunua kampuni ndogo ya usanifu wa chipu, P.A. Semi, kwa dola milioni 278. Mwaka 2010 ikatoa chipu ya A4, na mwaka 2013 simu ya iPhone 5s ikaja na chipu ya A7, ya kwanza ya biti 64 katika simu za mkononi. Utengenezaji wenyewe ulikabidhiwa baadaye kwa TSMC ya Taiwan, ambayo ilikuwa ikisonga mbele wakati Intel imekwama.

Intel haikukosa nafasi ya kuingia katika ulimwengu huo. Ilikuwa na kitengo chake cha prosesa za Arm kilichoitwa XScale, ikakiuza kwa kampuni ya Marvell mwaka 2006 kwa dola milioni 600. Paul Otellini, aliyeiongoza Intel wakati huo, alieleza mwaka 2013 kwamba kampuni yake iliombwa kutengeneza chipu ya iPhone ikakataa, kwa kuamini kwamba bei iliyotolewa isingelipa gharama. Mauzo ya simu hiyo yalizidi makadirio yote.

Mkalimani na daraja

Hii ni mara ya tatu Apple kubadilisha ukoo wa prosesa za Mac. Ilitoka Motorola 68000 ya mwaka 1984 kwenda PowerPC mwaka 1994, ikatoka PowerPC kwenda Intel mwaka 2006, na mwaka 2020 ikaelekea chipu zake. Uzoefu huo ulionekana katika mpangilio. Watunzi wa programu walipewa kwanza kompyuta za majaribio kwa dola 500, kwa sharti la kuzirejesha, wapate kuzitayarisha programu zao kabla ya kompyuta za kuuzwa kufika madukani.

Kwa programu ambazo hazikuwa tayari, Apple iliweka mkalimani aitwaye Rosetta 2. Mkalimani huyu hangoji kutafsiri sentensi moja baada ya nyingine wakati mazungumzo yanaendelea. Kwa kawaida huitafsiri programu nzima kabla haijafunguliwa mara ya kwanza, akaihifadhi tafsiri hiyo, kisha kompyuta ikaendelea kuitumia. Kwa sababu hiyo watumiaji wengi hawakutambua kwamba programu zao za zamani zilikuwa zikisemeshwa kwa lugha ngeni.

Kompyuta za kwanza zenye chipu ya M1 zilitangazwa tarehe 10 Novemba 2020: MacBook Air, MacBook Pro ya inchi 13 na Mac mini. Microsoft ilitoa programu zake za ofisi kwa lugha mpya mwezi uliofuata, na Adobe ikaitoa Photoshop Machi 2021. Kompyuta mpakato za inchi 14 na 16 zilifuata Oktoba 2021. Apple ilikuwa imeahidi kumaliza kazi kwa miaka miwili. Ilichukua karibu mitatu, kwani Mac Pro, kompyuta kubwa ya mezani, haikupata chipu mpya hadi Juni 2023.

Matokeo yalionekana bila kuhitaji vipimo vya maabara. M1 ilikuwa na transista bilioni 16 na viini vinane vya kazi: vinne vya nguvu, na vinne vya kubana matumizi ya umeme. Kwa hesabu za Apple yenyewe, MacBook Air ya Intel iliyotoka Machi 2020 iliweza kuonyesha filamu kwa saa 12. Ile ya M1, iliyotoka miezi minane baadaye kwa bei ileile ya kuanzia dola 999, iliweza kwa saa 18, na haikuwa na feni kabisa. Kwa mtu anayefanya kazi mahali ambapo umeme hukatika mchana, saa hizo 6 za ziada zina thamani kuliko takwimu yoyote ya kasi.

Kwa nini wengine hawakufika mapema

Microsoft ilijaribu kuivuka njia hiyohiyo kabla ya Apple. Mwaka 2012 ilitoa kompyuta ya Surface RT yenye prosesa ya Arm, lakini bila mkalimani: programu za zamani za Windows hazikuweza kutumika ndani yake. Wanunuzi waliikataa, na Julai 2013 Microsoft ikaandika hasara ya dola milioni 900 kwa bidhaa hiyo. Ilihitaji zaidi ya miaka kumi hadi kufika 2024, ilipotoa kompyuta mpakato zenye prosesa za Snapdragon X za kampuni ya Qualcomm, safari hii pamoja na mkalimani mwenye uwezo.

Tofauti ya kampuni hizo mbili haimo katika akili za wahandisi wake. Microsoft huuza mfumo wake kwa watengenezaji wengi, na watengenezaji hao hununua prosesa kwa Intel, AMD au Qualcomm. Haiwezi kumwamuru yeyote kati yao aondoke x86. Apple husanifu chipu, huunda kompyuta, huandika mfumo endeshi na kumiliki duka la programu. Ikisema twendeni, wote huenda, kwa kuwa hakuna mlango mwingine.

Nguvu hiyo ndiyo iliyoyafanya mabadiliko yawe mepesi. Ndiyo pia inayoyafanya yasiwe na rufaa.

Kwa Intel, kuondoka kwa Apple hakukuwa sababu kuu ya masaibu yake, kwani Mac ni sehemu ndogo ya kompyuta zinazouzwa duniani. Kulikuwa ushahidi wa hadharani kwamba mteja mkubwa anaweza kuishi bila Intel. Yaliyofuata yanajulikana. Novemba 2024 nafasi yake katika kipimo cha hisa cha Dow Jones ilichukuliwa na Nvidia. Mwaka huo ulimalizika kwa hasara ya dola bilioni 18.8, na Agosti 2025 serikali ya Marekani ilikubaliana na kampuni hiyo kuchukua takriban asilimia 10 ya hisa zake. Suala la prosesa limekuwa la dola na mataifa, hasa ikizingatiwa kwamba chipu bora za Apple hutegemea viwanda vya Taiwan, kisiwa ambacho China inadai ni chake.

Mlango unapofungwa

Turudi sasa kwa yule aliyeshika kompyuta mkononi. macOS Tahoe inakubali kompyuta nne tu za Intel: MacBook Pro ya inchi 16 ya mwaka 2019, MacBook Pro ya inchi 13 ya mwaka 2020 yenye milango minne ya Thunderbolt, iMac ya inchi 27 ya mwaka 2020 na Mac Pro ya mwaka 2019. Toleo litakalofuata halitakubali hata moja kati ya hizo. Apple imesema zitaendelea kupata masasisho ya usalama kwa miaka mitatu, yaani hadi karibu 2028. Rosetta 2 itaendelea kuwapo katika toleo moja zaidi, kisha itapunguzwa na kubakia kwa ajili ya baadhi ya michezo ya zamani.

MacBook Air ya Intel ya mwaka 2020 haimo katika orodha hiyo. Mtu aliyeinunua ikiwa mpya Oktoba 2020, mwezi mmoja kabla M1 haijatoka, alikuta Septemba 2025 kwamba kompyuta yake haipokei tena toleo jipya. Haikutimiza hata miaka mitano. Kompyuta hiyo haijaharibika. Kioo chake kinang'aa, herufi zinaandika, na kwa muda itaendelea kupata masasisho ya usalama ya toleo lake la zamani. Lakini saa imekwisha kuanza kuhesabu.

Haki inataka isemwe kwamba Apple imekuwa na subira zaidi safari hii. Kompyuta za mwisho za PowerPC ziliuzwa mwaka 2006, na Agosti 2009 mfumo mpya, Snow Leopard, ukazikataa. Mwaka 2011 mkalimani wa wakati huo naye akaondolewa. Sasa kompyuta mpakato za mwisho za Intel, zilizoondolewa madukani Oktoba 2021, zitakuwa zimepokea matoleo mapya kwa takriban miaka mitano. Kwa mnunuzi wa kwanza wa Paris au Toronto, ambaye hubadilisha kompyuta kila baada ya miaka minne, jambo hilo halina uzito.

Uzito wake unaangukia kwingine. Kompyuta hizohizo zikiisha zamu yake Ulaya, Amerika Kaskazini au Ghuba, hukusanywa, husafirishwa na kuuzwa tena. Wenye maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi au wa Kariakoo jijini Dar es Salaam wanaijua biashara hiyo, na mizigo yao huvuka mipaka kuelekea nchi za bara. Maisha ya kompyuta huku kwetu huanza pale yanapokwisha kule. Miaka mitano ya matoleo mapya, ikihesabiwa tangu siku ya mauzo ya kwanza, humfikia mnunuzi wetu ikiwa imebaki miwili au mmoja, au haipo kabisa.

Wala si Apple peke yake. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya bure kwa Windows 10, ikitoa mwaka mmoja wa nyongeza kwa masharti. Windows 11, kwa upande wake, kwa kawaida haikubali prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, kilichoanza mwaka 2017. Kwa hiyo katika majira mamoja milango miwili imesogezwa kwa pamoja, na kompyuta nyingi zilizo nzima zimejikuta upande wa nje.

Hatari yake ni ya kweli. Kompyuta isiyopata masasisho ya usalama haizimiki siku hiyo. Huendelea kuwaka, huku nyufa zake zikigunduliwa moja baada ya nyingine na wezi wa mtandaoni. Mwenye duka la huduma za fedha, zahanati yenye majina ya wagonjwa, au mwandishi anayelinda vyanzo vyake vya habari, kila mmoja ana kitu cha kupoteza ambacho bei ndogo ya kompyuta haikukionyesha.

Yanayompasa mnunuzi kuyajua

La kwanza ni kwamba jina na mwaka havitoshi. MacBook Air ya Intel na ile ya M1 zote ni za mwaka 2020, na kwa nje zinafanana kama mapacha, ilhali moja imefungiwa mlango na nyingine bado ina miaka mbele yake. Kabla ya kulipa, iwashwe, kisha ifunguliwe menyu ya alama ya tofaa iliyo juu kushoto, mahali penye maelezo ya kompyuta. Jina la chipu litaonekana hapo: Intel, au Apple M1 na zilizofuata.

La pili ni kufuli ya akaunti. Katika kompyuta nyingi za Mac za tangu 2018, ikiwa mmiliki wa awali aliwasha ulinzi dhidi ya wizi na hakuiondoa kompyuta katika akaunti yake, itabaki imefungwa kwa jina lake hata ikifutwa yote yaliyomo. Fundi hodari wa mtaani hawezi kuifungua. Muuzaji anayekataa kuiwasha na kuionyesha mbele ya mnunuzi anastahili kuachwa.

La tatu ni kumbukumbu. M1 na warithi wake hubeba kumbukumbu yao karibu kabisa na chipu, na hakuna fundi awezaye kuiongeza baadaye. Kompyuta za kwanza zilianzia gigabaiti 8. Anayehariri video au kurekodi muziki achague kiasi kitakachomtosha tangu siku ya kununua, kwa kuwa hakuna siku ya pili.

Kwa wale ambao tayari wana kompyuta za Intel, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mfumo huria wa Linux, usiolipiwa, hufanya kazi katika nyingi ya kompyuta hizo, hasa za kabla ya 2018, na pia katika kompyuta zilizoachwa na Windows 10. Unahitaji kujifunza, na baadhi ya programu za biashara hazipo ndani yake, lakini kwa kuandika barua, kusoma na kutumia intaneti unatosha. Tena mwenye kompyuta ya zamani asidhani amenyimwa yote. Huduma mpya za akili unde ambazo Apple imezitangaza kwa ajili ya chipu zake, hadi mwisho wa 2025, hazikuwa zikizungumza Kiswahili.

Suala la watawala, si la mafundi pekee

Ushauri kwa mnunuzi mmoja mmoja hautoshi mahali ambapo kanuni ndizo zinazopungua. Umoja wa Ulaya umeonyesha kwamba kanuni zinawezekana. Tangu tarehe 20 Juni 2025 simu na kompyuta bapa zinazouzwa huko zinatakiwa kuendelea kupata matoleo ya mfumo endeshi kwa angalau miaka mitano baada ya modeli husika kuondolewa sokoni. Hesabu hiyo inaanza kwenye mwisho wa mauzo, na hapo ndipo mnunuzi wa pili anapopata ulinzi. Hata hivyo kanuni hiyo haizigusi kompyuta mpakato.

Nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki, zikiwa moja moja, ni soko dogo machoni pa kampuni za California. Zikiwa pamoja, zina sauti. Zinaweza kuanza na jambo jepesi: kila zabuni ya kununua kompyuta za shule, hospitali na ofisi za umma itaje mwaka ambao masasisho ya usalama yatakoma, na kila muuzaji wa kompyuta zilizotumika atakiwe kuuandika mwaka huo kwenye bidhaa, kama mwuza dawa anavyotakiwa kuonyesha tarehe ya mwisho ya matumizi.

Kutofanya hivyo pia kuna gharama. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 kuhusu taka za kielektroniki ilionyesha kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na kwamba ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Barani Afrika kiwango hicho hakifiki asilimia 1. Rwanda ina kiwanda cha kushughulikia taka hizo wilayani Bugesera, lakini kiwanda kimoja hakiwezi kuupokea mzigo wa eneo zima iwapo kompyuta nzima zitageuzwa taka kwa uamuzi uliofanywa mbali.

Apple ilikuwa na sababu nzuri za kuiacha Intel, na kompyuta zilizotokana na uamuzi huo ni bora kuliko zilizozitangulia. Miaka michache ijayo kompyuta za M1 zenyewe zitajaa katika maduka yetu, zikiwa na betri zake zinazodumu na ukimya wake usio na feni, na wengi watazifurahia. Kisha siku moja nazo zitatajwa katika orodha ya zilizopitwa na wakati. Safari hiyo hapatakuwa na Intel wala IBM wa kulaumiwa: msanifu wa chipu, mwandishi wa mfumo na mwenye kuufunga mlango watakuwa mmoja. Ni vema tarehe ya siku hiyo ianze kudaiwa sasa, kompyuta hizo zikiwa bado njiani.